Njaa Isiyomwacha Mwenye Mazoezi

Wahenga walisema adui yako mwombee njaa, kwa kuwa waliijua vyema nguvu yake. Jeshi lisiloshindwa kwa risasi huweza kushindwa kwa sufuria tupu. Lakini iko njaa nyingine, isiyoletwa na ukame wala vita, nayo humpata mtu aliyeialika mwenyewe. Ni njaa ya yule anayekimbia kila alfajiri na kupima chakula chake kwa uangalifu ili mwili uwe mwepesi, na ambaye hata hivyo hulala akiwaza sahani na kuamka akiwaza sahani.

Mjini Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, watu wa namna hiyo si wachache. Mji huo umekaa kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ukipakana na Goma ya Kongo. Barabara ya ufukweni ni tambarare na inamfaa mkimbiaji. Nyuma yake vilima vinapanda ghafla na kumpima kila mwenye pumzi fupi. Timu ya mpira ya Marines, ambayo ni ya wanajeshi, huchezea uwanja wa Umuganda mjini humo. Mwaka 2019 mji uliandaa mashindano ya kimataifa ya mpira wa wavu wa ufukweni, na mwezi Agosti 2022 ulipokea kwa mara ya kwanza mashindano ya Ironman 70.3, ambayo mshiriki huogelea kilometa 1.9, huendesha baiskeli kilometa 90, kisha hukimbia kilometa 21.1.

Nyuma ya wanamichezo hao mashuhuri wako watu wa kawaida: askari anayejiandaa kupimwa uwezo wa mwili, polisi aliyeonywa na daktari kuhusu uzito, mke wa askari aliyeamua kutembea hadi ziwani kila jioni. Malalamiko yao yanafanana. Wanafanya mazoezi, wanakula kwa kiasi, lakini njaa haiwapi likizo. Wengi hujilaumu kwamba hawana nidhamu, wakazidi kupunguza chakula. Wiki mbili baadaye hujikuta jikoni usiku wa manane, wakila kila kilichobaki chunguni. Kisha hujilaumu tena, na mzunguko huanza upya.

Ukweli ni kwamba njaa ya namna hiyo aghalabu haihusiani na udhaifu wa moyo. Ni taarifa ambayo mwili unaituma, na kamanda mwema hapuuzi taarifa ya mlinzi wake, wala hataharuki kwayo. Huisoma, akaipima, ndipo akatoa amri.

MWILI HAUJUI KWAMBA NI HIARI

Mwaka 1994 kundi la mtaalamu Jeffrey Friedman mjini New York lilitambua homoni inayoitwa leptini, ambayo hutoka katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo ni akiba kiasi gani iliyopo ghalani. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani wakatambua homoni nyingine, ghrelini, ambayo hutoka hasa tumboni na kuchochea hamu ya kula. Mtu anapopungua uzito, ile ya kwanza hushuka na ile ya pili hupanda. Hivyo ubongo hupokea habari mbili kwa pamoja: ghala linapungua, na chakula kitafutwe. Mwili hauna namna ya kujua kwamba mwenyewe ameamua kwa hiari yake kupunguza kitambi. Kwake, upungufu ni upungufu, uwe umeletwa na nzige au na nia njema.

Jambo hili lilionekana wazi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Kuanzia mwezi Novemba 1944 mtaalamu Ancel Keys aliwachunguza vijana 36 wenye afya, waliojitolea kwa hiari. Kwa muda wa wiki 24 walipewa takriban nusu ya chakula walichokizoea, huku wakitakiwa kutembea kilometa 35 hivi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kilichowashangaza wengi ni mabadiliko ya akili zao. Vijana wale, ambao kabla ya hapo walizungumza juu ya siasa na masomo, walianza kuzungumza juu ya chakula tu. Walisoma vitabu vya mapishi kana kwamba ni riwaya, walilamba sahani zao, na wakawa wepesi wa kukasirika. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula chakula kingi mno bila kuhisi kwamba wameshiba.

Yafaa ikumbukwe kwamba vijana hao hawakuwa walegevu. Walichaguliwa kwa uimara wao. Kama watu wa namna hiyo hawakuweza kuishinda njaa kwa nguvu ya nia pekee, basi askari wa Gisenyi asijione mnyonge kwa kuwa na yeye hawezi. Shabaha yake iwe kuondoa sababu ya njaa hiyo.

HESABU YA KWANZA NI YA KIASI

Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni rahisi kuitaja, ingawa wengi huiruka: chakula hakitoshi kwa kazi inayofanywa. Chukua mfano wa polisi mwenye uzito wa kilo 75, anayesimama zamu, anayetembea doria, na ambaye hukimbia siku nyingi za wiki. Mwili wake unahitaji kalori zinazokaribia 3,000 kwa siku. Akikimbia kilometa nane asubuhi, mbio hizo peke yake humla kalori 600 hivi. Mtu huyo akiamua kula kalori 1,700 tu, kwa sababu rafiki yake anayeshinda ofisini alipungua kwa kiasi hicho, atakuwa anadaiwa na mwili wake kalori 1,300 kila siku. Deni kama hilo halilipiki kwa ujasiri.

Anayetaka kupungua uzito apunguze kalori 300 hadi 500 kwa siku, asizidishe. Kwa njia hiyo atapungua nusu kilo au chini ya hapo kwa wiki, na njaa yake itavumilika. Siku za mazoezi mazito ale zaidi kuliko siku za kupumzika. Na yule ambaye uzito wake tayari ni mzuri hana sababu ya kujinyima hata kidogo: ale kulingana na jasho lake.

KIAZI CHA VOLKANO NA SAMAKI WA TANGANYIKA

Hesabu ya pili ni ya aina ya chakula, na hapa wakazi wa Rubavu wana bahati kuliko wengi. Mwaka 1995 mtaalamu Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walipima vyakula 38 ili kujua kipi hushibisha zaidi. Kila chakula kilitolewa kwa kipimo cha kalori 240, na waliokula waliulizwa kwa muda wa saa mbili jinsi walivyojisikia. Mkate mweupe ulipewa alama 100 uwe kipimo cha vingine. Donati, ambayo ni ndugu wa andazi, ilipata 68. Machungwa yalipata 202, na samaki 225. Kilichoshinda vyote ni kiazi cha kuchemsha, kwa alama 323.

Basi chakula hicho kilichoongoza ndicho kinachojaza magunia katika masoko ya Rubavu, kwa maana udongo wa volkano chini ya milima ya Virunga unakipenda kiazi mviringo, ambacho Wanyarwanda hukiita ikirayi. Kilo nzima ya viazi vya kuchemsha ina kalori zinazokaribia 870 tu, na ni watu wachache wawezao kuimaliza kwa mlo mmoja. Lakini kiazi hicho hicho kikikatwa na kuzamishwa katika mafuta hubadilika tabia. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori 87 hivi. Zikiwa chipsi hukaribia 300. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, nacho hakijazi tumbo.

Hata hivyo kiazi peke yake hakitoshi. Vijana wa Minnesota nao walipewa viazi kwa wingi na njaa haikuwaondoka, kwa kuwa jumla ya chakula ilikuwa ndogo. Isitoshe, mwili wa mwenye mazoezi hudai protini ya kukarabati misuli, na protini ndiyo inayokawiza njaa kuliko wanga au mafuta. Mtu anayefanya mazoezi ya kawaida anahitaji gramu 1.2 hadi 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito wake. Yule polisi wa kilo 75 anahitaji basi gramu 90 hadi 120 kwa siku.

Kiasi hicho kinapatikana bila kununua makopo ya unga ya bei ghali. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina protini gramu 15 hivi, pamoja na nyuzinyuzi zisizopungua gramu 11, ambazo hukaa tumboni muda mrefu. Vikombe viwili vya maharage kwa siku, gramu 50 za sambaza wakavu, mayai mawili na nusu lita ya maziwa hutoa jumla ya gramu 90 hivi, na viazi na uji huongeza zilizobaki.

Sambaza nao wana historia yao. Samaki hao wadogo hawakuwa wenyeji wa Ziwa Kivu. Walichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika na kupandikizwa huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo huvuliwa usiku kwa taa, na mitumbwi iliyofungwa pamoja huonekana ikitoka jioni kuelekea kilindini. Wengi hupenda kuwala wakiwa wamekaangwa hadi wakauke. Anayejali uzito awapike kwa nyanya, kitunguu na karoti, na mafuta kijiko kimoja kwa chungu kizima. Wakati uvuvi unaposimamishwa ili samaki wazaane, waliokaushwa mapema huziba pengo hilo, na maharage hayana msimu wa kufungwa.

Kando ya hivyo sahani ipate mboga kwa wingi: dodo, kabichi, sombe isiyozidishiwa mafuta ya mawese. Mboga huongeza ujazo bila kuongeza kalori nyingi.

SAA YA KULA NA SAA YA KULALA

Wengine hula chakula cha kutosha, lakini hukila katika saa zisizofaa. Hukimbia alfajiri tumbo likiwa tupu, hunywa chai ya rangi, hushinda hadi saa nane mchana, kisha usiku hula mlo wa siku nzima kwa mkupuo mmoja. Njaa iliyorundikwa tangu asubuhi haina adabu inapofika jioni.

Utaratibu ulio bora ni huu. Kabla ya mbio za saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtu anywe maji bilauri moja na ale ndizi mbivu moja. Baada ya mbio ale mlo kamili: uji wa mtama uliochanganywa na soya, pamoja na yai au maziwa, au viazi na maharage yaliyobaki jana. Mchana ale sahani ya viazi, maharage na mboga. Saa kumi alasiri, wakati ambapo wengi huanza kunyemelea maandazi, apate bilauri ya maziwa mgando au tunda. Chakula cha jioni kisicheleweshwe mno.

Aidha, chakula kiliwe polepole. Askari wengi wamezoea kula upesi kambini, kwa kuwa zamu haisubiri. Lakini tumbo huchukua dakika 20 hivi kuufikishia ubongo habari za kushiba, na anayemaliza sahani kwa dakika tano huomba ya pili kabla habari za ile ya kwanza hazijafika.

Usingizi nao una sehemu yake. Mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwapima vijana 12 wenye afya baada ya kulala saa nne tu kwa usiku mbili, wakawalinganisha na hali yao walipolala saa kumi. Waliponyimwa usingizi, leptini ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini ikapanda kwa asilimia 28, na njaa waliyoihisi ikaongezeka kwa asilimia 24. Habari hii yapaswa kumgusa kila anayelinda lindo la usiku. Akitoka zamu asubuhi na kuhisi njaa ya ajabu, huenda mwili wake unadai kitanda kabla ya kudai chakula. Ale kifungua kinywa cha wastani, alale, kisha akiamka aipime njaa yake upya.

NJAA AU TAMAA?

Kuna kipimo rahisi kisichohitaji maabara. Njaa inapobisha hodi nje ya saa za mlo, mtu anywe maji na asubiri robo saa. Ikiwa bado ipo, ajiulize kama yuko tayari kula viazi vya kuchemsha au maharage matupu. Akiwa tayari, hiyo ni njaa ya kweli, naye ale bila kujihukumu. Ikiwa moyo unataka andazi tu, au nyama ya kuchoma pamoja na bia, hiyo ni tamaa, au uchovu, au mazoea ya saa ile. Matembezi mafupi aghalabu huiondoa.

Vinywaji pia visisahauliwe katika hesabu. Chupa kubwa ya bia ina kalori zinazokaribia 300, nazo hazishibishi; badala yake huamsha hamu ya kula. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vinne vya sukari kila kimoja huleta kalori 190 hivi.

CHUNGU KIMOJA, MATUMBO MBALIMBALI

Katika nyumba ya askari chungu ni kimoja, lakini wanaokizunguka si wamoja. Baba anataka kupungua, mama huenda ananyonyesha, mtoto anakua. Kosa kubwa ni kulifanya agizo la baba kuwa sheria ya nyumba nzima. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa Rwanda mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kwamba watoto 33 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kwa mtoto, yai, maziwa na kijiko cha mafuta ndani ya uji ni matofali ya kujengea mwili. Asipunguziwe kamwe kwa sababu baba yake anahesabu kalori. Kinachopaswa kutofautiana ni kipimo cha kila sahani. Chungu kibaki kile kile.

Kwa akina mama na askari wa kike wanaofanya mazoezi, iko hatari ambayo haifai kufichwa kwa haya. Mwanamke anayekula chini ya mahitaji ya mwili wake huku akijitaabisha kwa mazoezi huweza kukosa siku zake za mwezi. Baadhi hudhani ni dalili ya uimara. Kumbe mwili umefunga milango ili kubana matumizi, na mifupa hudhoofika taratibu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko juu ya hali hiyo ya upungufu wa nishati, na kueleza kwamba hata wanaume huipata: nguvu hupungua, hamu ya ndoa hufifia, majeraha hayaponi upesi.

Upungufu wa madini ya chuma nao huleta uchovu ambao huweza kudhaniwa kuwa njaa. Mjini Huye, wanafunzi 195 wa kike wenye umri wa miaka 18 hadi 27, waliokuwa na akiba ndogo ya chuma, walilishwa maharage kila siku kwa siku 128. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliopewa maharage ya aina yenye chuma kingi waliongezeka damu na akiba ya chuma kuliko wenzao waliokula ya kawaida. Ni vyema basi mama anaponunua mbegu au maharage aulizie aina hizo.

DALILI ZA KUPELEKWA KWA DAKTARI

Si kila njaa hutulizwa na chungu. Mtu anayekula sana na bado anakonda, huku akiona kiu kisichokatika na kukojoa mara kwa mara, apimwe sukari bila kukawia. Anayekonda huku mikono ikitetemeka, moyo ukienda mbio na joto likimsumbua, achunguzwe tezi ya shingo. Minyoo nayo hupimwa kwa choo. Haitibiwi kwa kubahatisha. Na yule ambaye mawazo ya chakula yamemtawala hata anakula kwa kujificha, au kujitapisha baada ya kula, ana ugonjwa kama magonjwa mengine. Asichekwe wala asikaripiwe. Apelekwe kituo cha afya, na mkubwa wake wa kazi amlindie siri.

Kwa asiye na dalili hizo, njia ni nyeupe. Ale kiasi kinacholingana na kazi yake, aanze na maharage, samaki, viazi vya kuchemsha na mboga, agawe milo yake tangu asubuhi, na alale vya kutosha. Baada ya wiki mbili au tatu za utaratibu huo ataona tofauti: njaa itabaki, kwa maana aliye hai huona njaa, lakini itakuja saa ya mlo na kuondoka baada ya mlo. Mwili uliolishwa sawasawa ndio utakaompandisha kilima cha Rubavu alfajiri, na kumrudisha nyumbani akiwa na uso mkunjufu kwa mkewe na wanawe.